Njia ya Pili ya Kompyuta Mama

Msiitafute nchi ya Msimamo kwenye ramani. Ipo, na sisi wananchi wake tupo, ila ramani zake huchorwa upya kila waziri anapobadilishwa, na kwa sasa waziri anayehusika na ramani yuko nje kwa matibabu ya jino. Nitawaeleza tu yaliyotupata mwaka ule kompyuta zetu zilipofundishwa nidhamu, ili nchi nyingine zijifunze kutoka kwetu, kama redio yetu inavyotuhakikishia kwamba hufanya kila siku.

Kwanza mjue kwamba Msimamo ni nchi iliyoendelea. Kila ofisi ya serikali, kuanzia ikulu mpaka zahanati ya mwisho kabisa kule mpakani, ina kompyuta, na kompyuta zote huongozwa kutoka mji mkuu. Katika jumba la Wizara ya Mitambo na Utii ipo moja kubwa tunayoiita Kompyuta Mama. Asubuhi karani wa wilayani akibonyeza kitufe, kompyuta yake haiwaki hivi hivi kama taa ya chooni. Huuliza kwanza kwa njia ya mtandao: "Mama, niwake?" Kompyuta Mama hujibu, "Waka," kisha huipelekea akili ya kufanyia kazi. Jioni karani akiizima, ile akili hutoweka, na wilayani hubaki sanduku tupu linalosubiri kesho. Mpango huu tuliuelewa upesi, kwa sababu wakuu wetu wa wilaya nao hufanya kazi vivyo hivyo.

Aliyeutengeneza alikuwa Mhandisi Hidaya Mlekwa, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, aliyekwenda kusoma ng'ambo kisha akarudi, jambo ambalo kwetu huwatia watu shaka. Hidaya alijua kwamba mtandao hukatika. Kwa hiyo ndani ya kila kompyuta aliweka diski ndogo yenye nakala ya akili ile ile, akaielekeza kompyuta hivi: muulize Mama kwanza, Mama asipojibu, usikae unamsubiri, waka kwa diski yako. Hiyo aliiita njia ya pili. Kwa miaka mingi ilifanya kazi yake kimya kimya, na kama isingejulikana mpaka leo, Hidaya angestaafu kwa amani na kupewa saa ya ukutani.

Bahati mbaya Mheshimiwa Bonaventura Kisogo akateuliwa kuwa waziri.

Mheshimiwa Kisogo alikuwa ametoka Wizara ya Maziwa na Mito, aliyoiacha baada ya maziwa na mito kupungua. Siku ya kwanza kazini alikuja na bendi ya polisi, akakagua ngazi, akakagua mapazia, mwisho akaomba kuona kompyuta ikiwaka. Hidaya akamwashia moja. Kwenye kioo yakatokea maandishi, kama yalivyokuwa yakitokea kila asubuhi bila mtu kuyajali: *Namuuliza Mama. Asipojibu, nitatumia njia ya pili.*

Waziri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nani asipojibu?" akauliza.

"Kompyuta Mama, Mheshimiwa. Yaani sisi hapa makao makuu."

"Makao makuu yasipojibu." Aliyatamka polepole, kama mtu anayesoma barua ya matusi mbele ya wakwe. "Na maneno haya yapo kwenye kila kompyuta?"

"Kila moja."

"Mpaka ya ikulu?"

"Hata ya ikulu, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo Mtukufu Rais kila asubuhi anakaa mezani kwake, anawasha kompyuta ya serikali yake, nayo inamwambia serikali yake huenda isijibu?"

"Ni tahadhari tu, Mheshimiwa. Mtandao ukikatika..."

"Mtandao wa nani ukikatika?"

Hidaya akanyamaza. Wasaidizi wa Waziri nao wakanyamaza, ila wao kwa mshahara.

"Mimi nilifunga ndoa," Waziri akasema. "Siku ile sikumwambia padri kwamba huyu akikataa, yupo mwingine nje ananisubiri kwenye gari."

Wasaidizi wakacheka, wakamwona hacheki, wakaacha.

Wiki hiyo hiyo Hidaya akaitwa mbele ya Kamati ya Utii. Mlalamikaji alikuwa Waziri, na kwa kuwa ndiye aliyeijua kesi vizuri, ilionekana ni busara awe pia mwenyekiti.

"Mhandisi, kebo ya taifa imewahi kukatika?"

"Mara nyingi, Mheshimiwa Mwenyekiti. Mwaka jana katapila la barabara liliikata pale Daraja Mbili. Ilikaa hivyo mchana kutwa."

"Haikukatika. Ilifanyiwa matengenezo ya ghafla."

"Sawa. Lakini wilayani hawakujua. Kompyuta zao ziliwaka kwa njia ya pili."

Waziri akaegemea mbele. "Unataka kuiambia Kamati kwamba siku nzima wananchi wa Msimamo walifanya kazi bila sisi?"

"Walifanya kazi vizuri tu," akasema Hidaya.

Hapo ndipo alipojimaliza. Wajumbe wote waliandika sentensi hiyo, na mmoja aliyekuwa amesinzia akaamshwa aiandike. Taarifa ya Kamati ilisema kwamba kompyuta yenye njia ya pili ni kompyuta yenye mashaka, kwamba mashaka ni mlango wa uasi, na kwamba uasi ukishaingia kwenye kompyuta hauonekani kwa macho, ndiyo maana ni wa hatari zaidi. Likatoka Agizo la Chanzo Kimoja: diski zote ndani ya kompyuta za serikali zing'olewe, zikusanywe mji mkuu, zipondwe hadharani. Kuanzia hapo kompyuta iwake kwa idhini ya makao makuu au isiwake kabisa.

Hidaya hakufukuzwa. Ilikuwa vigumu kumfukuza, maana hapakuwa na mwingine wizarani aliyejua diski inakaa upande gani. Akaamriwa aitoe njia ya pili kwa mikono yake mwenyewe, na kazi hiyo ikahesabiwa kuwa sehemu ya kurekebishwa kwake.

Aliomba jambo moja tu. Alimfuata Waziri ukumbini, waandishi wa habari wakiwa wanafunga vifaa vyao.

"Mheshimiwa, diski ya Kompyuta Mama yenyewe ibaki."

"Kwa nini ibaki?"

"Siku ikizimwa, lazima iwake kutoka mahali fulani. Haina wa kumuuliza."

"Imuulize Mama."

"Yenyewe ndiyo Mama."

"Basi ijiulize. Kiongozi mwenye nidhamu hujiuliza kabla ya kutenda. Mimi mwenyewe hujiuliza."

"Na hujibiwa, Mheshimiwa?"

"Papo hapo," akasema Waziri, akawaita waandishi warudi. Akawaambia kwamba katika nchi ya Msimamo hakuna aliye juu ya sheria, si mtu, si mashine, na kwamba kuna watumishi waliotaka mkubwa abakiziwe kilichokatazwa kwa wadogo. Diski ya Kompyuta Mama ikang'olewa mbele ya kamera. Kompyuta yenyewe ilikuwa inawaka, kwa hiyo haikuonyesha dalili yoyote ya kuumia, na Waziri akatutaka tuzingatie hilo.

Dada yake Hidaya anaitwa Dakta Saada. Ni mganga mkuu wa hospitali ya wilaya ya Kitopeni, siku nzima ya safari kutoka mji mkuu. Hospitalini kwake upo mtambo wa kutengeneza hewa ya oksijeni kwa ajili ya wodi ya wazazi na watoto wachanga. Mtambo huo, kama kila kitu chetu cha maana, huendeshwa na kompyuta ya serikali, ili serikali ijue nani anavuta hewa kiasi gani.

Agizo lilipofika Kitopeni, Saada akampigia simu mdogo wake. Simu za wizarani husikilizwa. Sisemi kwa ubaya, husikilizwa kwa upendo. Wote wawili walilijua hilo.

"Mdogo wangu, wametangaza kila nyumba itoe sufuria yake ya pili," akasema Saada. "Na mimi niitoe?"

"Dada, unapikia watu wangapi siku hizi?"

"Unawajua. Wengine hawajatimiza hata wiki."

"Basi mpishi ni wewe. Mimi siwezi kukusemea jikoni kwako."

"Nimekusikia," akasema Saada, akakata simu. Afisa aliyekuwa akisikiliza aliandika kwamba dada wawili walizungumzia upishi na kwamba mmoja wao ana familia kubwa.

Wilaya nyingine zote Hidaya alikwenda mwenyewe, lakini Kitopeni, kwa kuwa ni kwa dada yake, walitumwa polisi, nao walikuwa hawajawahi kuiona diski. Saada aliwapa kisanduku cha chuma alichokitoa tumboni mwa mzani mbovu wa kupimia watoto. Wakakipokea kwa mikono miwili, wakakifunga kwenye bendera.

Uwanja wa taifa ulijaa siku ya kuponda. Greda lilipita juu ya zile diski, likarudi, likapita tena, na kwaya ya wizara ikaimba wimbo uitwao "Mmoja Anatosha". Nilikuwepo. Watoto waliruhusiwa kuokota vipande.

Kwa miezi kadhaa mambo yakaenda vizuri. Mtandao ukikatika, wilaya nzima ilikaa ikisubiri, na kusubiri kukaitwa utulivu. Mheshimiwa Kisogo akapewa nishani ya utulivu. Ndipo alipoona kwamba nishani ile ilihitaji sherehe, na sherehe ilihitaji Mtukufu Rais, na Mtukufu Rais alihitaji kitu cha kutazama. Akaamua kwamba siku ya Sikukuu ya Msimamo yeye mwenyewe, mbele ya taifa, ataiwasha Kompyuta Mama.

Hidaya alipelekewa habari hiyo akiwa anakunywa chai. Aliiacha chai, akapanda ngazi mbio.

"Mheshimiwa, Kompyuta Mama inawaka tayari."

"Najua. Ndiyo maana lazima kwanza izimwe. Utawashaje kitu kinachowaka?"

"Ikizimwa haitawaka tena. Akili yake imo humo ndani kwa sababu ya umeme tu. Diski yake tuliiponda."

"Wewe una tatizo na serikali hii, Mhandisi. Kila siku unaiona imezimika."

Hidaya akajaribu njia nyingine. "Basi tuweke taa kubwa jukwaani. Wewe ubonyeze kitufe, taa iwake, watu washangilie. Kompyuta tusiiguse."

Waziri akakunja uso. "Unataka nimdanganye Mtukufu Rais?" akauliza, na wanaomfahamu wanasema ilikuwa mara ya kwanza katika utumishi wake jambo hilo kumsumbua.

Sikukuu ikafika. Kioo kikubwa kama ukuta wa nyumba kilisimamishwa uwanjani ili wote tuone. Fundi akaamriwa azime, akazima. Mheshimiwa Kisogo akahutubia juu ya umuhimu wa mwanzo, kisha akanyanyua kidole, akakizungusha hewani mara chache ili kamera zikipate, akabonyeza.

*Namuuliza Mama,* kikaandika kioo.

Tukapiga makofi mpaka viganja vikauma. Tulipoacha, maandishi yalikuwa yale yale. Tukapiga tena. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, ikaurudia, mpiga tarumbeta akashika mdomo.

"Mama yuko wapi?" Mtukufu Rais akauliza, na kipaza sauti kikalichukua swali lake.

"Anajiuliza, Mtukufu."

"Anajiuliza nini?"

"Kama awake."

"Na anajijibu nini?"

Mheshimiwa Kisogo akatazama kioo. "Bado anatafakari, Mtukufu. Ni kompyuta yenye hekima."

Siku iliyofuata hakuna kompyuta ya serikali iliyowaka. Zote zilimuuliza Mama, na Mama alikuwa akijiuliza. Kodi haikukusanywa, na wananchi walilipokea pigo hilo kwa ujasiri. Bungeni hapakupigwa kura, kwa hiyo miswada yote ilipita. Kambi kuu ya jeshi ililindwa na lango lililogoma kufunguka, na majenerali waliokuwa ndani walipitishiwa wali na maharage juu ya ukuta. Wizara ikatoa tamko kwamba nchi haijasimama, bali imesimama imara.

Mpaka hapo tulikuwa tunacheka, kila mtu nyumbani kwake. Kisha yakatokea ya Ndobwe.

Ndobwe ni wilaya jirani na Kitopeni, nayo hospitali yake ina mtambo wa hewa kama ule wa Saada, ila wao diski yao walimwachia Hidaya aing'oe, kwa sababu mganga mkuu wao alikuwa mtu anayetii. Mtambo ulipozimika walitumia mitungi. Muuguzi mmoja akapiga simu redioni, kwenye kipindi cha salamu, maana simu za wizara hazikuwa zikipokewa. Alisema mtungi wa mwisho unaelekea kuisha na kwamba wana watoto wachanga kwenye hewa. Mtangazaji akamshukuru kwa kusikiliza kituo chetu, akamwekea muziki.

Kesho yake likasomwa tamko jingine. Lilisema kwamba wagonjwa kadhaa wa Ndobwe wamefariki wakiwa katika foleni halali ya kusubiri idhini, na kwamba hakuna hata mmoja aliyefariki kwa kukiuka utaratibu.

Hidaya alilisikia tamko hilo ndani ya chumba cha Kompyuta Mama. Fundi aliyekuwa naye anasema alikaa chini sakafuni, akaviangalia vidole vyake vilivyong'oa diski wilaya baada ya wilaya. Waziri alimkuta hapo hapo.

"Iwashe," akasema. Hakuwa na bendi.

"Kwa akili gani, Mheshimiwa? Kila nakala ilipitiwa na greda. Ulikuwepo. Uliimba."

"Nchi nzima haina hata moja?"

Hidaya alitoka uani akampigia dada yake, na safari hii hakutafuta sufuria.

"Dada, mtambo wako unafanya kazi?"

"Unafanya kazi."

"Ni wewe peke yako nchi nzima. Nikiwaambia, nakala yako itaamsha kompyuta zote. Lakini wakija kuichukua watakuchukua na wewe."

Saada hakukawia. "Ndobwe wamebaki na watoto?"

"Sijui. Labda. Na kwingine pia, mitungi inaisha."

"Sasa unaniuliza nini, Hidaya?"

"Nakuaga, dada."

"Usiniage. Njoo mwenyewe uichukue. Hao wengine wataing'oa, na mimi nina watu kwenye hewa."

Basi Hidaya akawaambia, akaenda Kitopeni kwa helikopta ya wizara, pamoja na Inspekta Chapuo aliyebeba pingu na hati ya kumkamata Dakta Saada. Shtaka lilikuwa kukutwa na hospitali inayofanya kazi. Walimkuta leba, mama mmoja akiwa anasukuma.

"Dakta, uko chini ya ulinzi," akasema Inspekta mlangoni.

"Sawa, baba. Vua viatu, nawa mikono, simama pale. Wewe mama, mshangae baadaye huyo, sukuma."

Hidaya alikwenda kwenye kompyuta ya mtambo, akanakili kila kilichokuwa kwenye diski, pamoja na fomu za wodi ya wazazi ambazo Saada alikuwa ameziongeza humo, diski yenyewe akaiacha mahali pake ikifanya kazi. Aliporudi alimkuta Inspekta Chapuo amembeba mtoto aliyeviringishwa kanga. Wauguzi walikuwa wachache na mikono yake ndiyo iliyokuwa mitupu. Pingu alikuwa amezitundika kwenye stendi ya dripu.

Dada wawili hawakukumbatiana, kwa kuwa Saada alikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Aliosha, akavua koti jeupe, akampa muuguzi maelekezo juu ya mama wa kitanda cha mwisho, kisha akamnyooshea Inspekta mikono.

"Mpe mama mtoto wake kwanza," akamwambia. "Kichwa ukishike. Hivyo hivyo."

Mji mkuu, Waziri alikuwa akimsubiri Hidaya kwa hofu. Hofu yake haikuwa ya Ndobwe. Aliogopa kwamba mhandisi huyu, akiachiwa, atachomeka tena mambo yake ndani ya akili ya taifa. Kwa hiyo akamsomea agizo la Kamati, mashahidi wakiwa wamesimama.

"Utairudisha akili kama ilivyo. Hutaongeza nukta, hutapunguza nukta."

"Kama ilivyo, Mheshimiwa?"

"Kama ilivyo."

"Hii imetoka wodi ya wazazi."

"Sikukuuliza imezaliwa wapi! Fanya ulichoamriwa."

"Na dada yangu?"

"Dada yako ni suala la mahakama. Wewe tii."

Fundi anasema ni mara ya pekee aliyowahi kumwona Hidaya akitabasamu kazini. "Nitatii," akasema.

Na alitii kuliko mtu yeyote katika historia ya Msimamo. Aliirudisha akili kama ilivyo. Mama akaacha kujiuliza, akajibu, na kompyuta zote za nchi zikawaka kwa pamoja. Mitambo ya hewa ikanguruma katika kila hospitali iliyokuwa nayo. Kwenye vioo vyote, kuanzia mpakani mpaka ikulu, yakatokea maneno haya: *Karibu Wodi ya Wazazi, Hospitali ya Wilaya ya Kitopeni. Andika jina la mama.*

Hapakuwa na namna ya kwenda mbele bila kuandika. Wakubwa wa kodi waliulizwa mimba ni ya ngapi. Mkuu wa majeshi, ili afunguliwe lango, alijaza tarehe ya hedhi ya mwisho, akachagua sikukuu ya kitaifa. Hotuba ya Mtukufu Rais kwa mabalozi ilitoka na ushauri wa kula mchicha, kutonyanyua ndoo, na kuwahi kituoni maumivu yakianza. Mabalozi walisema ndiyo hotuba ya kwanza waliyoielewa. Mheshimiwa Kisogo mwenyewe alikwama kwenye kipimo cha tumbo. Alipima, akaandika, na kompyuta ikamweka kwenye mwezi wa tisa, ikamtaka aripoti mara moja akiwa na wembe mpya, pamba na kipande cha nailoni cha kutandika.

"Ondoa uchafu huu!" akamfokea Hidaya.

"Siwezi, Mheshimiwa. Nitakuwa nimepunguza nukta."

"Nakuruhusu!"

"Agizo la Kamati hutenguliwa na Kamati. Iitishe."

Kamati huitishwa kwa kompyuta. Katibu wake alifika mpaka kwenye swali la jina la mtoto, akaacha kazi.

Gereza Kuu la Wanawake nalo liliwaka asubuhi ile. Mkuu wa gereza, Afande Pili Sekiete, alikuwa na mfungwa mpya wa kuandikisha ili apate mgawo wa chakula. Akaandika jina: Saada Mlekwa. Kompyuta ikauliza: *Mama amejifungua salama?* Afande alijaribu kuliruka swali, likakataa. Alijaribu "Hapana", kompyuta ikaanza kulia kama king'ora na kumwita daktari wa zamu. Mwisho akaandika "Ndiyo", ikanyamaza, ikatoa karatasi: *Mama ameruhusiwa kwenda nyumbani. Apumzike.*

Kwetu karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ya serikali haibishaniwi. Afande Sekiete aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Hongera," akamwambia mfungwa, akafungua lango.

Hidaya alikuwa ng'ambo ya barabara ndani ya gari alilokodi, na begi miguuni. Saada aliingia, akaketi, akafumba macho.

"Nikupeleke nyumbani?" akauliza Hidaya.

"Ndobwe," akasema Saada. "Mtambo wao unaomba ruhusa kila ukiwaka. Leo Mama amejibu. Kesho akipata sherehe nyingine?"

Begini mlikuwa na diski mpya, moja kwa kila hospitali, walizonuia kuzitia bila agizo la mtu yeyote. Njiani redio ilikuwa ikieleza kwamba njia ya pili ni uvumbuzi wa Mheshimiwa Kisogo, aliyeificha Kitopeni kwa siri kubwa ili kulinda taifa, na kwamba atapewa cheti cha ushujaa mara tu kompyuta itakapokubali kukichapa bila kuuliza uzito wake wa kuzaliwa. Dereva akacheka. Dada wawili hawakucheka.

Mlangoni mwa wodi ya Ndobwe alikuwa ameketi mwanamke mmoja, Bi Rehema Chonya, muuza dagaa. Wauguzi walisema hana mgonjwa tena pale, ila kila asubuhi anakuja, hawana moyo wa kumwondoa. Mtambo ulipozimika yeye alimpepea mwanawe kwa upindo wa kanga, akaendelea kumpepea hata baada ya kuambiwa aache. Hidaya alipopita na diski mkononi, Bi Rehema akamshika gauni.

"Mwanangu, wanasema kuna kitu mlikichukua humu. Ndicho hicho?"

Hidaya akaitikia kwa kichwa.

"Nipe nikione."

Akampa. Bi Rehema akakiweka kwenye kiganja, akakifumba, kikapotea chote ndani ya ngumi yake. Akakaa nacho hivyo.

"Nani alikitoa?" Bi Rehema akauliza.

"Mimi," akasema Hidaya. "Niliamriwa."

Bi Rehema akamtazama usoni, bila hasira, kama mtu anayemtazama mwenye kigugumizi akisubiri amalize. Ndani ya wodi mtoto wa mtu mwingine alianza kulia. Yule mwanamke akafungua ngumi, akairudisha diski.

"Kiwekeni," akasema, akasogeza miguu wapite.